Siku Njia ya Mlimani Ilipolazwa

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimesimama kwenye geti la mlima nikiwa na kandambili miguuni, na hakuna aliyeshangaa, hata mimi.

Ni kipupwe. Theluji imeshuka kuliko inavyoruhusiwa, imefika mpaka kwenye migomba, imejikunja juu ya majani makavu kama paka wa jirani. Mlinzi hayupo. Yupo Kibao tu, kile cha mbao kinachowakataza wageni kukata miti na kuwasha moto. Leo kimevaa kofia ya sufu na kinatafuna hindi la kuchoma.

"Shikamoo, Kibao."

"Marahaba. Wewe ndiye Ndekirwa, mdogo wake Aikande?"

"Ndiye mimi."

"Yule mcheshi?"

"Wanasema."

"Basi leo jitahidi usiwe," kikasema, kikatupa gunzi kwenye theluji. Gunzi likaomba radhi kwa kuchafua mazingira.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho si cha ndoto. Dada yangu Aikande ni mwongozaji wa wageni mlimani. Miaka yote amekuwa msaidizi, anatembea nyuma kabisa na wale wanaotapika. Safari hii ndiyo mara yake ya kwanza kupanda akiwa mkuu wa msafara. Wakati mimi naota kitandani kwetu Marangu, yeye yuko kambi ya juu kweli kweli, na wageni wake na wagumu wake. Wagumu ndivyo wapagazi wanavyojiita, na ukiona wanachobeba hutabisha.

"Asubuhi hii dada yako anapita Kiwiko," Kibao kikaniambia. Kiwiko ni ile kona inayozunguka jabali, upande mmoja ukuta, upande wa pili bonde ambalo jiwe likiangukia huko hurudi kuaga. "Sasa, Njia inaumwa. Imelazwa tangu juzi. Lakini kila anayekwenda kuijulia hali anarudi anasema iko salama."

"Inaumwa wapi?"

"Ndilo hilo. Hakuna anayejua. Dada yako akikanyaga pabaya, walio nyuma yake wote watakanyaga hapo hapo alipokanyaga yeye. Ndiyo maana ya kuwa mkuu wa msafara." Kikanigeuzia mgongo nisome. Kwa rangi ya njano iliyobanduka kimeandikwa: KABLA HUJAPANDA, IJULIE NJIA HALI.

"Watu wanadhani ni ushauri tu," kikasema.

Nikafungua begi nivae. Aikande alishanifundisha kwamba mlimani nguo huvaliwa moja juu ya nyingine. Hakunifundisha kwamba huwa zinagombea nafasi.

"Mimi nikae karibu na moyo," likasema sweta la shule. "Nimesoma naye mpaka kidato cha sita."

"Umesoma naye wapi?" ikauliza fulana. "Muda wote ulikuwa umefungwa kiunoni."

"Nyamazeni, watoto," likasema koti. Hili ni koti la mitumba, nililitoa soko la Memorial pale Moshi, na tangu siku hiyo halijawahi kuninyenyekea. "Mimi nimezaliwa kwenye baridi. Kwetu theluji ilikuwa inafika madirishani."

"Kwenu wapi?" nikauliza.

"Sijui. Nilikuja ndani ya robota, sikuona njia."

Buti nazo zilikuwepo ila zikasema zina mtu wao. Nikabaki na kandambili.

Nikapiga hatua moja kuvuka geti, nikawa ndani ya wodi. Wodi yenyewe ni maabara ya kemia ya shule yetu. Naitambua kwa ile meza iliyoungua, ambayo mpaka leo inanitazama vibaya. Kwenye majiko ya gesi wanachemsha mtori, ile supu nzito ya ndizi, wa mgonjwa. Na mgonjwa ndiye huyo, Bibi Njia, amelala chali kwenye kitanda kinachoanzia mlangoni, kinapita dirishani, kinapanda mlima, kinaingia mawinguni. Amefunikwa shuka la theluji mpaka kidevuni, jeupe la kupigwa pasi. Nesi ni Ukungu. Ukimwangalia hayupo, ukiangalia pembeni amekushika bega.

"Muda wa kuona wagonjwa umeanza," anasema Nesi Ukungu. "Msimchoshe."

Waongozaji wamepanga foleni, wamevua kofia, kila mmoja na kibakuli cha mtori. Wa kwanza anainama kando ya kitanda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Wewe umeamkaje?"

"Salama."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri tu, namshukuru Mungu." Hapo hapo Bibi anakohoa, na jiwe la ukubwa wa jokofu linatoka ubavuni mwake, linavunja kabati la vioo na kutokomea. Mwongozaji anainamisha kichwa kwa heshima mpaka jiwe lipite.

"Basi ugua pole, Bibi."

"Asante, msalimie mama."

Mwongozaji anatoka nje, anashika simu ya upepo na kutangaza: "Njia nzuri! Narudia, njia nzuri! Anaendelea vizuri mwenyewe kasema!"

Anaingia wa pili. Shikamoo, marahaba, habari, nzuri, umeamkaje, salama. Jiwe lingine. Simu ya upepo. Njia nzuri. Wa tatu vilevile, tofauti yake mtori wake ulikuwa na nyama.

Nikamfuata Nesi Ukungu. "Nesi, huyu mgonjwa anaumwa kweli."

"Tunajua."

"Mbona anasema hajambo?"

"Ulitaka aseme nini mbele ya wageni?"

"Si mumuulize tena?"

"Mgonjwa haulizwi mara mbili," akasema kwa ukali, akapotea, akabaki mkono tu.

Zamu yangu ikafika. Sina mtori. Nikakaa kwenye stuli, theluji ikiniingia kati ya vidole vya miguu.

"Shikamoo, Bibi Njia."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," nikajibu kwa mazoea, nikajing'ata ulimi. Hata mimi. Kitu hiki kiko kwenye damu. Ungeniuliza nikiwa ndani ya mdomo wa mamba ningekwambia nzuri, kisha ndiyo nikuombe msaada.

Dirishani namwona dada yangu, mdogo kama njegere, anafunga kamba za buti zake. Wageni wanajipanga nyuma yake. Nikizunguka kumuuliza huyu bibi anaendeleaje, ataendelea vizuri mpaka Aikande aingie bondeni.

Ndipo nikawawaza wazee wanaokaa kwenye benchi la zahanati pale kwetu. Ukiwauliza hali, wote wazima, wamekuja kupunga upepo. Lakini mmoja akianza tu kutaja mguu, lo, benchi zima linawaka moto, kila mtu anataka awe ndiye anayeumwa kuliko mwenzake.

Nikashika goti, nikaguna.

"Una nini?" akauliza Bibi.

"Goti, Bibi. Usijali. Ila nadhani mlima huu wote hakuna anayeumwa goti kama mimi."

Shuka la theluji likatikisika kidogo.

"Goti moja?" akasema.

"La kulia."

"Mimi magoti yangu sijui hata idadi yake, na kila moja lina kokoto."

"Pole sana. Lakini wewe huna mgongo kama wangu. Asubuhi siinuki."

"Mgongo!" Akajiinua kwa viwiko. Mlima ukainuka naye, waongozaji wakaanguka kistaarabu, mmoja mmoja, mtori ukamwagika. "Mgongo wako wewe amepita nani? Mimi wangu wamepita na meza, na viti vya kukunja, na mitungi ya gesi, na choo cha plastiki cha wageni! Choo! Kimejaa!"

"Mgonjwa alale," akasema Nesi Ukungu.

"Niache nimwambie huyu mtoto!"

"Sawa, Bibi," nikasema taratibu, kama mtu aliyekata tamaa. "Kwa mgongo umenishinda. Ila kwa ganzi huniwezi. Vidole vyangu, ukivichoma na pini, sisikii."

Koti likaninong'oneza, "Umezidisha." Halikumjua bibi huyu.

"Ganzi unaijua wewe?" Sauti yake ikatetemesha vioo vyote vya maabara. "Njoo. Njoo hapa ushike. Hapa kwenye Kiwiko." Akajifunua shuka kwa hasira, akanivuta mkono mpaka juu, na kweli nikashika. Juu ni theluji laini, nyepesi, ya kuvutia picha. Chini yake ni barafu tupu, ya buluu, imelainika kama sahani ya harusi, nayo imeinamia bondeni.

"Ilinyesha mvua juu ya theluji, ikagandia hapo," akasema. "Kisha ikaja hii nyepesi ikafunika. Pazuri, si ndiyo? Mimi mwenyewe nikijigusa pale sijisikii. Jana alitua kunguru, akateleza mpaka bondeni, na yule ana mabawa."

"Bibi, mbona hukuwaambia waongozaji?"

Akanitazama kama anayetazama mtu aliyelelewa na kuku.

"Wameniuliza naendeleaje. Mtu akikuuliza unaendeleaje, unamwambia vizuri. Wamekuja wengi, na mtori wameleta mtamu, Mungu awabariki. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza panapouma."

Nikamshukuru. Akajilaza tena, akavuta shuka mpaka kidevuni. Anaonekana amepata nafuu, kama watu wanavyokuwa wakishamshinda mtu.

"Na hilo goti ulikande na chumvi," akaniambia.

Nikatoka mbio. Hapo ndipo nikagundua kwamba mlimani mbio haziruhusiwi, na si kwa maneno. Nikikimbia hatua moja, mlima unarudi nyuma hatua moja, kama mbuzi asiyetaka kushikwa. Nikiongeza mwendo, kambi ya juu inazidi kuwa juu. Nimekimbia mpaka nimejikuta niko chini kuliko nilikoanzia, nyuma ya jiko la nyumbani, na kuku wetu wananitazama.

"Pole pole," likasema koti. "Hukuwahi kusikia? Wanaimba kila siku."

"Dada yangu anakufa, unaniambia pole pole?"

"Mimi nakwambia yanayosemwa hapa. Kwetu tulikuwa na lifti."

Basi nikatembea pole pole. Natembea pole pole kama bibi harusi. Napunguza tena, kama foleni ya vitambulisho. Mlima ukaanza kunikaribia wenyewe. Nikapunguza mpaka karibu nisimame, na nyanda za vichaka zikapita, na mawe meusi yakapita, na kambi ya juu ikaja mbio ikanipita kidogo, ikarudi. Nilipokuwa nimesimama kabisa, nikawa nimefika.

Aikande amesimama hatua chache kabla ya Kiwiko, ameegemea fimbo yake. Nyuma yake wageni wamevimba kwa nguo kama magodoro, na nyuma ya wageni Bwana Kombe, mgumu wa siku nyingi, ana kreti la mayai kichwani.

"Dogo!" anasema Aikande. "Nani amekuleta huku na kandambili?"

"Dada, usipite. Chini ya theluji kuna barafu. Mkikanyaga mnaondoka wote."

Aikande akamwangalia Bwana Kombe. Bwana Kombe akaangalia mayai.

"Kirwa," akasema dada yangu, akilifupisha jina langu kama nyumbani, kwa ile sauti ya upole anayoitumia kabla ya kunizaba kofi. "Nani aliniambia daktari wa meno amehamia kwetu, nikaenda kufungua mdomo mbele ya fundi cherehani?"

"Mimi. Lakini hii…"

"Nani alimwambia Bwana Kombe hapa kwamba wageni wa safari hii hawali mayai?"

"Nimeyabeba kwa uchungu," akasema Bwana Kombe. "Niliyaacha kambi ya chini, nikarudi kuyafuata."

"Dada, sitanii. Nimetoka kumwona Bibi Njia wodini."

Wagumu wote wakaangua kicheko. Hata mgeni mmoja akacheka, ambaye hajui Kiswahili. Simu ya upepo kiunoni mwa Aikande ikakoroma: "Njia nzuri! Narudia, njia nzuri!"

"Umesikia?" akasema. "Waongozaji wakubwa wameenda kuijulia hali, wamerudi, wanasema nzuri. Nikigeuka leo, safari yangu ya kwanza, unajua watasema nini huko chini? Watasema mwanamke kaona theluji akamlilia mama yake."

"Walimuuliza vibaya, Dada. Walimuuliza anaendeleaje. Hakuna aliyemuuliza panapouma."

Hapo akaitazama theluji ya Kiwiko. Nikaona neno limeingia, ila halijakaa. Lakini mdomo wangu ni ule ule, sura ni ile ile, na mimi ninaposema ukweli huwa natabasamu kwa woga, na tabasamu hilo ndilo lile lile la fundi cherehani.

"Msogeze," Aikande akamwambia Bwana Kombe, akainua mguu.

Maneno yamekwisha. Nikampita ubavuni, nikakanyaga Kiwiko.

Theluji ikafunguka kama mlango wa duka. Chini yake ile buluu. Kandambili ya kushoto ikasema, "Samahani," na tukaondoka.

Koti likajifungua zipu lenyewe, likabaki juu limening'inia kwenye jabali. "Hatukukubaliana hivyo!" likaniita. Nikaona sura ya Aikande juu ya ukingo, inapungua, mguu wake bado uko hewani, halafu nikaona anaurudisha nyuma pole pole.

Nikaendelea kuanguka. Si haba, kulikuwa na nafasi. Nikapita mawe meusi, nikapita vichaka, nikampita mgumu mmoja anayepanda na mtungi wa gesi.

"Habari za juu?" akaniuliza.

"Nzuri," nikamjibu, na nilikuwa nimeshampita, sikuweza kurudi kurekebisha.

Msituni nikawapita mbega wamekaa kwenye tawi na mikia yao meupe. "Habari za juu?" wakauliza.

"Mbaya!" nikapiga kelele. "Mbaya sana! Kiwiko kina barafu!"

"Mtoto wa nani huyu?" mbega mmoja akamuuliza mwenzake. "Hata salamu hajui."

Kutoka mbali huko juu nikasikia sauti ya dada yangu, kali, ile ya mkuu wa msafara: "Geuzeni! Wote, geuzeni! Bwana Kombe, rudisha wageni!" Kisha akaniita mimi, kwa sauti nyingine, ile ya nyumbani, anayoitumia mtu akisafiri:

"Kirwaaa! Ukifika useme!"

Nikaiona migomba yetu. Nikaliona bati letu, na lile tundu ambalo kila mwaka tunasema tutaliziba. Nikapita kwenye tundu.

Nikaamka.

Kumekucha. Kuku wanapiga kelele nje, jua liko ukutani. Nimelala kitandani kwangu, blanketi mpaka shingoni. Ndoto tu. Nikajicheka, nikageukia ukutani nimalizie usingizi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mama amesimama, kanga begani, simu sikioni.

"Aikande huyu," akasema. "Anapiga toka mlimani, mtandao unakatika. Wamegeuka. Kumbe njia ni mbaya, kuna barafu kwenye kona moja huko, kundi zima lingeangamia. Wote wazima, wanashuka." Akafuta jicho kwa upindo wa kanga, akaendelea kusikiliza, akakunja uso. "Sasa sijui ni baridi imempanda kichwani. Ananiambia nikuulize kama umefika."

Nikakaa kitandani.

"Mwambie nimefika."

"Umefika wapi, na wewe hujatoka hata kukojoa?"

"Mwambie tu, Mama. Nimefika salama."

Mama akalitazama dari kama anayeomba subira, akaongea kwenye simu: "Anasema kafika salama." Akasikiliza. Huko upande wa pili kulikuwa na upepo mwingi, hata mimi niliusikia. Akaiondoa simu sikioni, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

"Anasema hakuulizi hilo," akasema Mama. "Anasema useme panapouma."

Nikafunua blanketi, nikaanza kujikagua.